Nyumba Ndogo ya Sauti

Msafiri atokaye Kisangani kwa njia ya Buta, akiisha kupita katika msitu mkubwa yapata kilomita 130, hufika Banalia, ukingoni mwa mto Aruwimi. Katika nchi hizo za mito na misitu watu walikuwa na elimu ya sauti tangu zamani, kabla ya redio na simu. Walitwaa gogo la mti mgumu, wakachonga mwanya mwembamba juu yake, na kwa kupitia mwanya ule wakaondoa moyo wote wa mti, hata gogo likabaki ganda lenye midomo miwili. Hiyo ndiyo lokole. Mdomo mmoja hulia juu, wa pili hulia chini. Na kwa kuwa lugha nyingi za huko hupanda na kushuka kwa sauti, ngoma hiyo iliweza kupeleka maneno kamili, wala si mshindo tu. Bwana John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyekaa Yakusu karibu na Kisangani, alijifunza elimu hiyo kwa Walokele, akatoa kitabu juu yake mwaka 1949.

Fundi wa lokole hakuongeza kitu katika gogo, alipunguza. Alijua kwamba sauti ya ngoma hutegemea ukubwa wa uwazi wa ndani, unene wa kuta, ugumu wa mti, na upana wa mwanya. Akikosea kimojawapo, ngoma huwa bubu au husema maneno yasiyoeleweka.

Kwa nini twaanza na lokole? Kwa sababu leo vijana wetu hutembea na nyumba mbili ndogo za sauti juu ya masikio yao. Ni hedifoni, ambazo wengine, wakifuata Kifaransa, huziita kaske. Twataka kusema juu ya namna moja ya hedifoni, yaani zile zilizofungwa nyuma, ambazo vikombe vyake havina matundu ya kupitisha sauti nje. Mzazi mmoja huuliza: Kwa nini hizi husikika vizuri na zile husikika kama mtu asemaye ndani ya mtungi? Mwanafunzi huuliza: Kwa nini zangu zilikuwa nzuri mwaka jana, na sasa zimekuwa kama za kopo? Haya ni maswali ya haki, na majibu yake yanafaa kuliko tunavyodhani.

KILICHOMO NDANI YA KIKOMBE

Tukifungua kikombe kimoja twakuta vitu vichache. Kuna sumaku. Kuna uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Kuna utando mwepesi sana wa plastiki, ambao umeshikamana na uzi ule. Umeme wa simu au wa redio ukipita katika uzi, sumaku huusukuma na kuuvuta, na utando hutikisika pamoja nao. Utando ukitikisika mara 100 kwa sekunde, twasikia sauti nzito. Ukitikisika mara 10,000, twasikia sauti nyembamba kama ya panzi.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja, Nathaniel Baldwin, alitengeneza hedifoni jikoni kwake, na jeshi la majini la Marekani likazinunua. Mwaka 1937 kiwanda cha Eugen Beyer mjini Berlin kilitoa hedifoni za utando na uzi wa shaba kama zile tulizozieleza, na zilikuwa za namna iliyofungwa. Zile za wazi, zenye matundu nyuma, zilikuja baadaye. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilianza kuziuza mwaka 1968.

Sasa tuangalie jambo hili. Utando una pande mbili. Unaposukuma hewa kuelekea sikioni, upande wa nyuma huivuta. Unapovuta mbele, husukuma nyuma. Basi kila mara huzaliwa sauti mbili, nazo ni kinyume. Zikikutana, moja huiua nyingine, hasa zile nzito. Katika hedifoni za wazi, sauti ya nyuma huachwa iende zake. Katika zilizofungwa, hufungiwa ndani ya kikombe. Ubora wa hedifoni zilizofungwa hutoka katika kujibu maswali mawili: sauti ya mbele inafikaje sikioni bila kuvuja, na sauti ya nyuma inatulizwaje isirudi kuleta fujo?

MLANGO WENYE UFA

Tuanze na swali la kwanza, maana ndilo kubwa. Tuseme kuna ndugu wawili katika nyumba moja huko Banalia. Mkubwa amenunuliwa hedifoni Kisangani. Baada ya mwaka mmoja anamwambia baba yake:

“Baba, zimekufa. Sauti nzito zote zimepotea.”

Baba anazivaa, anasikiliza. Kisha anazibonyeza kidogo kwa viganja vya mikono, na mara sauti nzito zinarudi zote.

“Hazikufa, mwanangu,” anasema. “Zina ufa.”

Baba huyo amesema kweli. Kati ya utando na sikio kuna chumba kidogo cha hewa. Ukuta wa chumba hicho ni ule mto laini uuzungukao sikio. Mto ukilala sawasawa juu ya ngozi, hewa haina pa kutokea, na kila msukumo wa utando hufika sikioni. Mto ukiwa na pengo, hewa hutoroka.

Lakini kwa nini zitoroke sauti nzito, na nyembamba zibaki? Waendesha toleka wa Kisangani, wale wabebao abiria kwa baiskeli, wanaweza kutujibu. Chukua pampu ya baiskeli ambayo kipira chake kimechakaa. Ukisukuma polepole, hewa huponyoka kando na mkono hausikii uzito. Ukisukuma kwa haraka sana, hewa haipati nafasi ya kutoka, na mkono husikia uzito. Ndivyo ilivyo hapa. Sauti nzito ni msukumo wa polepole, hivyo ufa mdogo huzimaliza. Sauti nyembamba ni msukumo wa haraka, nazo hufika ingawa ufa upo. Kwa hiyo hedifoni zenye ufa husikika kavu na kali.

Ufa huo hutoka wapi? Mara nyingi haumo katika mashine, bali juu ya kichwa cha mvaaji. Mikono ya miwani huinua mto na kuacha pengo. Misuko minene hufanya vivyo hivyo, na kadhalika hereni kubwa. Upinde wa juu ukilegea, vikombe havishiki. Ukikaza mno, kichwa huuma na mto hupondeka kabla ya wakati wake. Tena vichwa havifanani wala masikio hayafanani. Hedifoni ile ile yaweza kuwa na sauti tele kwa baba na sauti kavu kwa mtoto, kwa sababu kichwa cha mtoto ni chembamba nayo hayamkai.

Na mto wenyewe huzeeka. Mito mingi ya bei ndogo hufunikwa kwa ngozi ya bandia. Katika nchi ya joto na unyevu kama yetu, pamoja na jasho, ngozi hiyo hupasuka na kubambuka kama gome la mti. Sponji ya ndani nayo hulala, isiinuke tena. Hapo sikio husogea karibu na utando, chumba cha hewa hupungua, na sauti yote hubadilika. Mito ya kitambaa haina joto sana, lakini hupitisha hewa, hivyo hupunguza sauti nzito. Kwa hiyo mtu anayebadili mito na achague ya umbo, kina na ngozi kama ile ya kwanza. La sivyo atakuwa amebadili hedifoni yenyewe.

KUTA NA HEWA

Sasa swali la pili: sauti ya nyuma. Hapa hewa iliyofungiwa ndani ya kikombe hufanya kazi kama springi nyuma ya utando. Kikombe kikiwa kidogo mno, springi huwa ngumu, utando hauwezi kwenda mbali, na sauti nzito hupungua. Kikombe kikiwa kikubwa kiasi, utando hupumua. Ndiyo maana mafundi wengi huacha tundu dogo sana katika kikombe, wakalifunika kwa karatasi au kitambaa chembamba, ili kuipunguzia springi nguvu. Msomaji akiliona tundu hilo asilizibe kwa gundi akidhani ni kasoro.

Kwa sauti nyembamba shida ni nyingine. Sauti hukimbia hewani yapata mita 340 kwa sekunde. Wimbi la sauti itikisikayo mara 100 kwa sekunde lina urefu wa mita 3 na nusu hivi, hata kikombe kizima ni kitu kidogo mbele yake. Lakini wimbi la sauti itikisikayo mara 10,000 lina urefu wa sentimita 3 na nusu tu, nalo laweza kuingia ndani ya kikombe, likagonga ukuta, likarudi, likapenya tena ule utando mwembamba hata sikioni. Hapo twasikia kila neno likifuatwa na kivuli chake. Ndiyo ile sauti ya mtu asemaye ndani ya mtungi. Dawa yake ni kuweka ndani ya kikombe pamba, sufi au sponji, ambavyo huinywa sauti ya nyuma isirudi. Kuta zisizo sambamba nazo husaidia, kwa sababu sauti haipati njia moja ya kwenda na kurudi.

Kuta zenyewe nazo hutikisika. Plastiki nyembamba hulia kama kopo. Plastiki nene, mbao au chuma kizito hukaa kimya. Na hapa fundi wa hedifoni huenda kinyume cha fundi wa lokole. Wote wawili wana elimu moja ya uwazi, kuta na mwanya. Lakini fundi wa lokole ataka kuta ziimbe, kijiji cha ng'ambo kisikie. Fundi wa hedifoni ataka kuta zinyamaze kabisa, ili asikike mwimbaji au mwalimu peke yake.

Mambo mengine twayataja kwa kifupi. Wimbo uliobanwa sana ili uingie katika simu ndogo hauwezi kurudishiwa uzuri wake na hedifoni yo yote. Simu yenye nguvu chache haitaweza kuendesha vema hedifoni zilizotengenezwa kwa mashine kubwa. Na zile zisizo na waya hutegemea pia hali ya betri na namna sauti inavyofungashwa kabla ya kutumwa. Walakini, kabla ya kulaumu simu au wimbo, kwanza mtu atazame mito yake.

KWA NINI JAMBO HILI SI MCHEZO

Huenda mtu akasema: Haya ni mambo ya vijana wapendao muziki, yatuhusu nini? Tunamwomba avumilie kidogo.

Tarehe 8 Septemba 2021 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba homa ya uti wa mgongo imezuka katika Banalia. Hata siku hiyo walikuwa wamehesabiwa watu zaidi ya 250 walioshukiwa kuugua, na 129 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Taasisi ya Pasteur ya Paris ilithibitisha kijidudu kilicholeta msiba huo, na watu wakapewa chanjo. Jamaa nyingi zililia.

Lakini ugonjwa huu una tabia ya kuacha alama hata kwa wanaopona. Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba katika kila watu watano waliopona homa ya uti wa mgongo iletwayo na bakteria, mmoja hivi hubaki na madhara ya kudumu. Na kupotewa na usikivu ni mojawapo. Ugonjwa huharibu kile kiungo cha ndani ya sikio kifananacho na konokono, ambacho hugeuza mitikisiko kuwa habari kwa ubongo. Mtoto hurudi nyumbani amepona, ananenepa, anacheza. Lakini akiitwa haitiki. Mama hudhani amekuwa mkaidi; mwalimu humwona mvivu na kumweka nyuma ya darasa, mahali hasa asipoweza kusikia. Mtoto huadhibiwa kwa kosa la ugonjwa.

Kwa hiyo waganga hushauri kwamba aliyepona apimwe masikio mapema, ikiwezekana kabla ya kupita majuma manne. Na kipimo hicho hufanywa kwa kitu gani? Mara nyingi kwa hedifoni zilizofungwa! Mtoto huvikwa, kisha hupigiwa sauti mojamoja, kuanzia nzito za mitikisiko 250 kwa sekunde hata nyembamba za 8,000, kila sikio peke yake. Naye huinua mkono kila asikiapo.

Sasa tukumbuke yale ya ufa. Ikiwa mto umebambuka, au umekaa juu ya hereni na misuko, sauti nzito zitavuja. Mtoto hatainua mkono, na mpimaji ataandika kwamba hasikii sauti nzito, kumbe hazikumfikia. Na kelele za nje, kama mvua juu ya mabati au mashine ya umeme uani, zikiingia kwa ufa ule ule, huzifunika sauti ndogo ambazo mtoto angezisikia. Kwa hiyo mzazi asione haya kumvua mtoto hereni na miwani, na kusogeza nywele nyuma ya masikio kabla ya kipimo. Tena hedifoni ya kupimia husawazishwa pamoja na mashine yake. Haibadilishwi kwa nyingine ya sokoni, hata ikiwa nzuri namna gani. Ufa mdogo kuliko unene wa kidole waweza kupotosha habari juu ya maisha ya mtoto.

MLANGO UKIFUNGWA, SAUTI IPUNGUZWE

Liko jambo la pili, nalo latuhusu sote. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, watoto wengi walifuata masomo kwa redio. Na hata sasa wapo wanafunzi wasomao kwa simu katika nyumba zenye watu wengi. Hedifoni zilizofungwa zina faida kubwa kwao. Huzuia kelele za nje, hasa zile nyembamba kama mazungumzo na vyombo vya jikoni. Ngurumo nzito ya lori huzuiwa kidogo tu. Basi mwanafunzi hana haja ya kupandisha sauti ili aishinde kelele.

Hiyo ndiyo faida yenyewe, na wengi huipoteza. Hufunga mlango, kisha hupiga kelele ndani ya nyumba. Kwa kuwa kikombe hakivujishi sauti nje, mzazi aliyeketi kando hasikii cho chote, huku sikio la mwanawe likipigwa kama nyundo. Shirika la Afya la Dunia limeweka kipimo: mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 katika juma; kwa mtoto ni desibeli 75. Na kila sauti ikipanda desibeli 3, saa hupungua nusu. Ukifika 83, ni saa 20. Ukifika 86, ni saa 10. Ukifika 89, ni saa 5. Ukifika 92, ni saa mbili na nusu tu kwa juma zima. Shirika hilo lakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo katika hatari hiyo. Nywele ndogo za ndani ya sikio zikifa, hazioti tena.

Nyumbani hatuna mashine ya kupima desibeli, lakini kanuni chache zatutosha. Sauti ya simu isizidi asilimia 60 ya nguvu yake. Masikio yapumzike kila baada ya muda. Mtu akisikia mlio kama wa nyenje baada ya kuvua hedifoni, ajue kwamba amezidisha. Njiani zisivaliwe kabisa, maana aliyefunga masikio hasikii honi ya pikipiki.

Na anayekwenda sokoni kununua, azivae kwanza. Asikilize sauti ya mtu anayemjua, au wimbo aliouzoea. Kisha azibonyeze polepole kwa viganja: sauti nzito zikiongezeka sana, hazimkai vema, naye atafute nyingine. Abishe kikombe kwa ukucha. Kikilia kama kopo, aziache. Aangalie kama mito hutoka na kubadilishwa. Akifika nyumbani, aipanguse jasho kwa kitambaa kikavu, asiiache juani, asiikunje. Kwa kazi hiyo ya dakika moja kila siku, mito yake itadumu kuliko ya jirani.

Wazee wetu husema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tazameni hedifoni zilizoko nyumbani mwenu, kabla ya kuzitupa, kama ufa si wa mto tu. Na mtazameni pia mtoto yule asiyeitika aitwapo, hasa ikiwa alipata kuugua homa ya uti wa mgongo. Kabla ya kumwadhibu, mwiteni kwa upole kutoka nyuma yake. Asipogeuka, mpelekeni kwa mganga ampime masikio.